Msitu Katika Chano

Msomaji, katika baraza ya nyumba yangu pana msitu ambao naweza kuuinua kwa mikono miwili. Una miti saba, na ule mrefu kuliko yote haufiki urefu wa mkono wa mtu mzima. Majani yake ni ya kijani kibichi, mashina yake yana rangi ya majivu, na mizizi yake imeushika udongo kama vidole vya mzee vishikavyo mkongojo. Mgeni akiketi na kuinamisha kichwa mpaka macho yake yawe sawa na ukingo wa chano, huona njia nyembamba iingiayo katikati ya mashina, na kwa muda mfupi husahau kwamba yumo barazani mwa mtu. Wageni wengine hucheka. Huniuliza ni nini faida ya msitu usiotoa kuni, wala mbao, wala mvua. Swali hilo ni la haki, nami nimekusudia kulijibu katika insha hii. Nitakueleza jinsi msitu wa namna hii utengenezwavyo, na nitakueleza sababu iliyonifanya niutengeneze. Mambo haya mawili yamefungamana, wala siwezi kulisema moja nikaliacha la pili.

Sanaa ya kukuza miti katika vyombo vidogo ilianza Uchina, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kutoka huko iliingia Japani, ambako ilipata jina la bonsai, yaani mmea uliopandwa katika chombo kipana kisicho na kina kirefu. Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni kabila la miti iliyozaliwa midogo. Sivyo. Mbegu yake ni ile ile iotayo porini, na mti huo ukitolewa chomboni na kupandwa shambani utaanza kurefuka kama ndugu zake. Udogo wake ni kazi ya mkasi, ya chombo, na ya miaka mingi ya uangalizi. Mti wa namna hiyo waweza kuishi zaidi ya mtu. Mjini Washington, Marekani, umehifadhiwa msonobari mmoja ulioanza kutunzwa chomboni mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima siku ya tarehe 6 Agosti 1945, siku mji ule ulipopigwa bomu la atomiki, ukasalimika nyuma ya ukuta. Na mwaka 1976 wenyewe waliutoa zawadi kwa watu wa Marekani.

Mitindo ya bonsai ni mingi. Upo mti mmoja uliosimama wima, upo ulioinama kama uliopigwa na upepo, na upo uteremkao chini ya chombo chake kama mti wa genge. Mtindo ninaotaka kukueleza ni ule wa miti mingi katika chombo kimoja, ambao Wajapani huuita yose-ue. Hapo fundi haonyeshi uzuri wa mti mmoja, bali uzuri wa mahali. Kwa hiyo miti myembamba, au iliyopinda upande mmoja, au isiyo na matawi ya kutosha, ambayo ikisimama peke yake ingeonekana kuwa duni, hupata kazi na heshima ikisimama pamoja na mingine.

Mti nilioutumia mimi ni mugumo. Wataalamu wa mimea huuweka katika jamii ya Ficus, pamoja na mkuyu na mtini. Jamii hii inafaa sana kwa kazi ya bonsai katika nchi zetu za joto. Huvumilia kukatwa mizizi, huchipua upesi baada ya kupogolewa, majani yake hupungua ukubwa kwa kadiri ya utunzaji, na tawi lake likichomekwa katika udongo wenye unyevu huweza kutoa mizizi na kuwa mti. Jirani zetu wa Uganda wamelijua jambo hili tangu zamani. Mutuba, ambao ni mti wa aina ya Ficus natalensis na ambao Waganda huambua gome lake na kulipondaponda mpaka likawa nguo, hupandwa kwa vijiti vilivyokatwa kutoka mti mwingine. Ukumbuke jambo hili, msomaji, maana nitalirudia: kijiti cha namna hiyo si mtoto wa mti. Ni mti wenyewe, umeendelea kuishi mahali pengine.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mkulima katika nyanda za juu za katikati ya Kenya, mahali ambapo miteremko imevikwa chai. Katika shamba lake ulisimama mugumo ambao hakuna aliyejua ulipandwa na nani. Huenda haukupandwa na mtu. Mugumo aghalabu huanza maisha yake juu ya mti mwingine. Ndege hula tunda, huiacha mbegu katika panda ya tawi, mche huota huko juu na kushusha mizizi mpaka ardhini. Kisha, baada ya miaka mingi, huukumbatia mti ulioubeba mpaka mti huo hufa ndani yake. Wagikuyu waliuheshimu mti huu tangu kale. Chini yake wazee walisali na kutoa sadaka, wala haukukatwa ovyo. Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, amesimulia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Na kwamba mti huo ulipokuja kukatwa, kijito kilichokuwa karibu nao kilikauka. Nilipoyasoma maneno hayo nilikifunga kitabu kwa muda. Nilijua mti mwingine uliokatwa, na nilijua ni kwa nini ulikatwa.

Baba alifariki mwaka 2003, akatuacha watoto watano pamoja na mama. Mpima ardhi alikuja na vigingi vyake, na shamba lililokuwa moja likawa mashamba. Mpaka kati ya sehemu ya kaka yangu mkubwa na sehemu yangu ulipita karibu na mugumo. Shina liliangukia upande wake, na kivuli kilifunika sehemu kubwa ya chai yake. Mwaka 2005, wakati wa mvua ndefu, kaka aliukata. Kwa kuwa watu wa karibu walikataa kazi ile, alitafuta wakataji kutoka mbali. Walikata siku mbili. Utomvu mweupe ulitiririka juu ya nyasi kama maziwa yaliyomwagika, na ndege waliokuwa wakila matunda yake walizunguka hewani mpaka magharibi wasijue pa kutua. Jioni ya siku ya pili, watu walipokwisha kuondoka, nilikwenda na gunia na panga. Nilikata vijiti kumi na vinane katika matawi yaliyolala chini, vinene kama kidole gumba, nikavifunga kwa majani mabichi ya mgomba. Tangu siku hiyo mimi na kaka yangu hatukusemezana.

Mimi ni mwalimu, na wakati huo nilikuwa nikifundisha mbali na kwetu. Nilivichomeka vile vijiti katika makopo yaliyotobolewa chini, yenye mchanga wa mto na mboji, nikayaweka kivulini na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Vijiti sita vilikauka. Kumi na viwili vilichipua. Sikuwa na shamba la kuvipanda, kwa sababu niliishi katika nyumba ya kupanga. Na katika shamba langu la urithi sikutaka kukanyaga. Ndipo mzee mmoja, auzaye miche kando ya barabara jijini Nairobi, aliponionyesha mti wake mmoja mdogo katika sinia la udongo na kuniambia kwamba mti hauhitaji ekari ili uwe mti. Kwake nilijifunza mengi ya haya nitakayokueleza.

Kwa miaka minne niliiacha miti yangu inenepe. Hili ni jambo la kwanza ambalo wanaoanza hulikosa. Shina halinenepi sana likiwa ndani ya chombo chembamba; hunenepa kwanza katika debe au ardhini, likiachiwa majani mengi, na baadaye ndipo mti hufupishwa na kuhamishwa. Katika miaka hiyo nilisoma habari za John Naka, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2004. Mwaka 1948 alianza kuitunza miti miwili ya mreteni katika vyombo. Baadaye akaongeza mingine, na mwaka 1964 akaipanda pamoja iwe msitu. Alikuwa na wajukuu saba, akataka msitu uwe na miti saba. Wajukuu walipofika kumi na mmoja, miti nayo ikawa kumi na mmoja. Msitu huo aliuita Goshin, maana yake mlinzi wa roho, na mwaka 1984 aliutoa uhifadhiwe huko huko Washington ulipo ule msonobari wa Hiroshima. Nilipenda wazo la miti iliyo watu wa nyumba moja. Nikaazimia kupanda miti mitano, mmoja kwa kila mtoto wa baba yangu.

Mwaka 2009 niliipanda, na kazi yangu ilikuwa mbaya. Nilinunua chano cha udongo kilichokuwa na tundu moja dogo. Nilikijaza udongo mweusi wa shamba, nikidhani kwamba udongo unaofaa mahindi utafaa kila mmea. Kisha nikaipanga miti mitano katika mstari mmoja, nikiipa nafasi sawasawa. Mti mnene kuliko yote niliuweka katikati, na moyoni nilijua kwamba huo ni mimi. Mti wa kaka yangu niliutia pembeni kabisa. Nilimpelekea mzee wangu wa miche kazi ile nikitarajia sifa. Aliizunguka mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, “Mwalimu, huu si msitu. Ni gwaride.”

Hata gwaride lenyewe halikudumu. Udongo ule ulishikamana kama saruji, maji yakakosa njia, mizizi ikaoza. Kabla ya mwaka kwisha miti miwili ilikufa. Nilipata faraja kidogo niliposoma kwamba John Naka mwenyewe, pamoja na ufundi wake wote, aliwahi kupoteza miti kadhaa ya msitu wake kwa sababu maji hayakuwa yakitoka vizuri chomboni, mpaka alipoongeza tundu. Yawezekana hakuna fundi wa kazi hii asiyezika mti.

Mara ya pili nilikwenda polepole, na jinsi nilivyofanya ndivyo nitakavyokushauri ufanye. Chano kiwe kipana na kifupi wa kina. Changu kina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 5. Kiwe na matundu kadhaa makubwa, na juu ya kila tundu uweke kipande cha wavu ili udongo usitoke pamoja na maji. Upitishe waya katika matundu, ncha zake zibaki juu. Waya huo utaishika mizizi ili upepo usiiangushe miti kabla haijajishikiza yenyewe. Udongo uwe wa punje punje. Mimi huchanganya matofali yaliyopondwa, changarawe ndogo ya mawe ya volkano, na mboji kidogo, na kwanza huuchekecha niondoe vumbi, kwa maana vumbi ndilo linaloziba njia ya maji na ya hewa.

Miti iwe ya aina moja, lakini isiwe sawa kwa unene wala kwa kimo. Idadi yake iwe witiri: mitano, saba, tisa au zaidi, kwa kuwa jicho hugawanya upesi idadi iliyo shufwa na kuiona kuwa makundi mawili. Mimi nilichagua saba: watoto watano, na baba na mama. Ikate mizizi minene ishukayo chini na uiache ile myembamba itambaayo pembeni. Mugumo wenye afya huweza kupunguziwa hata nusu ya mizizi yake, mradi na majani yapunguzwe. Utomvu utatoka. Ufute kwa kitambaa chenye maji, wala usiuache uingie machoni.

Baada ya hayo ndipo kuna kazi ya kupanga, na hapo utahitaji subira kuliko mkasi. Mti mkubwa huwekwa kwanza, nao hausimami katikati kabisa. Husogezwa upande kidogo, na mbele kidogo. Mti wa pili kwa ukubwa husimama karibu nao. Iliyobaki hupungua kimo kadiri inavyokwenda pembeni, na ile ya ukingoni huinama nje kidogo, kama miti ya mwisho wa msitu wa kweli iinamavyo kuelekea mwangaza. Miti mitatu isisimame katika mstari mmoja. Ukitazama kutoka mbele, shina moja lisifiche jingine. Miembamba kuliko yote huwekwa nyuma, nayo hulidanganya jicho lidhani kwamba iko mbali. Na mahali fulani uache uwazi usio na mti. Mwanzoni niliuona uwazi huo kuwa hasara ya udongo. Mzee wangu alinifundisha kwamba ndiyo njia ambayo jicho huingilia, na kwamba msitu usio na uwazi ni kichaka.

Nilihamisha miti ile kutwa nzima. Baba alikaa mahali pake upesi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrefu. Mama akasimama karibu naye. Taabu ilikuwa miti miwili: wa kaka yangu na wangu. Kila nilipouweka wangu mbele, wake ulifichika nyuma yake, na msitu ukaonekana umepungukiwa. Nilipouleta wake mbele na kuusogeza wangu upande wa kushoto, hatua ya kidole kimoja tu, yote saba ilionekana. Niliyakaza mafundo ya waya, nikajaza udongo, nikauchomachoma kwa kijiti ili usiache mapango kati ya mizizi, nikakitumbukiza chano chote katika beseni la maji mpaka mapovu yakaisha kutoka. Kisha nikakiweka kivulini kwa mwezi mzima, bila mbolea na bila kukigusagusa. Hapana mti uliokufa.

Unaweza kudhani kwamba kazi imekwisha hapo. La, hapo ndipo ianzapo. Katika chano chenye miti mingi, mti mkubwa hupata jua kwanza. Ukipata jua huongeza majani, na ukiongeza majani huzidi kuyafunika yaliyo chini yake. Miti ya ndani hupoteza matawi moja moja, hudhoofika, na mwisho hufa kimya kimya, ijapokuwa maji na mbolea ni vya wote. Mtu asiyejua huona dawa ya jambo hilo ni kuung'oa mti mkubwa. Akiung'oa, msitu umekwisha, maana ndio uliokuwa ukiushika. Mtu mwingine asiyejua huuacha ukue upendavyo, na baada ya miaka michache hubaki na mti mmoja na vijiti vikavu sita. Dawa yenyewe ni kuupogoa mti mkubwa juu, kidogo kidogo, kila mara uchipuapo, ili mwangaza upenye. Mkubwa hubaki mkubwa na wadogo huishi. Kazi hiyo haina mwisho, kwa sababu chipukizi hutoka kila mwezi wa joto na mvua.

Sasa, msomaji, yanibidi nikiri kwamba sikukueleza yote. Nilikuambia kwamba kaka yangu aliukata mugumo wa baba, na maneno hayo ni kweli. Sikukuambia kwamba kabla ya kuukata alikuja kwangu. Aliniambia, “Ndugu yangu, mti huu ni wetu sote, lakini kivuli chake ni changu peke yangu. Nimegee hatua sita za ardhi upande wako, nami nitauacha.” Nilimjibu kwamba mpima ardhi amekwisha pima. Nilitaka mti uishi, na nilitaka gharama ya kuishi kwake ilipwe na mtu mwingine. Mbele ya mama yetu nilimwita mharibifu, na yeye, kwa kunistahi au kwa kunidharau, hakuzitaja zile hatua sita. Kwa miaka mingi niliisimulia habari ile kama nilivyokusimulia wewe mwanzoni. Niliisimulia hivyo mara nyingi hata nikakaribia kuisadiki.

Haikuwa mahubiri ya mtu yaliyoniondolea uongo huo, bali kazi ya mkasi. Nilikuwa nikipunguza majani ya mti wa baba ili jua liufikie ule niliouita kaka, kama nilivyokuwa nimefanya mara nyingi, ndipo nikajiona. Katika chano niliweza kupima mwangaza kwa haki, kwa sababu sikupoteza kitu. Shambani, ambako haki ilikuwa na bei ya hatua sita, sikuweza.

Mwaka 2019 mama aliugua. Kaka alisafiri mpaka mlangoni pangu kuniletea habari, kwa kuwa hakutaka niipate kwa simu. Nilikuwa barazani, nimeuinua msitu kutoka chanoni ili niibadilishie miti udongo, kama ipasavyo kila baada ya miaka miwili au mitatu. Alisimama akatazama. Mizizi ya miti saba ilikuwa imesukwa ikawa kama mkeka mmoja; hata mimi niliyeipanda sikuweza kutambua mzizi upi ni wa mti upi. Aliuliza, “Huu ni mti gani?”

Nikamwambia, “Ni ule ule, kaka.”

Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha aliinama akaokota kijiti kimoja katika vile nilivyokuwa nimevikata, akakishika penye jeraha mpaka utomvu ukamtia weupe vidoleni. Nilimwambia habari ya hatua sita. Nilimwambia kwamba jibu langu lilikuwa baya, na kwamba nimeisimulia vibaya habari hiyo kwa miaka kumi na minne. Alinijibu kwamba naye angeweza kungoja, wala hakungoja. Tukaenda kwa mama.

Mama alipona, akaishi miaka mingine miwili. Kabla hajafariki aliona jambo moja. Mvua ndefu za mwaka 2020 zilipoanza, mimi na kaka tuling'oa kigingi kimoja cha mpaka. Yeye alitoa hatua tatu, nami nikatoa hatua tatu, na katikati ya ardhi hiyo isiyo ya mmoja wetu tulichomeka vijiti vitatu nilivyovipogoa katika msitu wangu. Viwili vilishika. Mmoja leo unanipita kimo, na matawi yake ya kwanza yameanza kutanda. Kisiki cha mti wa zamani bado kipo, kimeoza katikati na kujaa mchwa. Siwezi kukuambia kwamba mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Mti wa miaka mingi haurudishwi kwa mwaka mmoja, na maneno niliyomtupia kaka yangu mbele ya mama hayakufutika yote. Lakini mti unaokua pale si mgeni. Ni mugumo ule ule wa baba, ulioishi miaka kumi na mitano katika makopo na katika chano, ukingoja wenyewe wapatane.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa wageni wangu wachekao. Msitu wangu hautoi kuni, wala mbao, wala mvua. Uliuweka mti hai wakati ambapo sisi tuliopaswa kuutunza hatukuwa tayari. Na kila nikiupogoa hunipa vijiti, nami vijiti hivyo siku hizi sivitupi. Huwapa wanafunzi wangu.

Nawe, msomaji, ukitaka kuanza, huhitaji fedha nyingi. Tafuta tawi la mti wa jamii hii lililokatwa, lisilo na mwenyewe wa kulilia. Toboa kopo, litie mchanga na mboji, ulichomeke tawi, ulinyunyizie maji na ungoje. Utakapokuwa na miti mitano, ipange kama nilivyokueleza. Ukiifikia ile saa ya kuamua mti upi usimame mbele na upi usogee kando, usiharakishe. Isogeze, rudi nyuma, itazame, uisogeze tena. Na utakapoona kwamba mmoja unazidi kuwanyima wengine mwangaza, chukua mkasi, wala usichukue panga. Kisha utazame vizuri, usije ukakuta kwamba mti huo ni wewe.